Msimkate Maguelone Mkia

Sète, 9 Februari 1987

Mkwe wangu Bibi Bertille Delattre,

Kwetu huku kusini, kwenye mashindano ya mikuki, kabla watu hawajaangushana majini, mashua mbili hupishana kwanza duru moja ya salamu. Mikuki juu, kofia mkononi, hakuna anayemgusa mwenzake. Barua hii ndiyo duru hiyo. Isome kwa raha. Duru ya pili nitakupiga.

Mimi ni Fulcrand Castaldo, baba wa Aurore aliyeolewa na mwanao Ghislain. Tulionana siku ya harusi, miaka sita iliyopita. Wewe ulivaa kofia ya buluu, mimi ndiye niliyeimba. Nimevua miaka thelathini na tisa kwa nyavu za kukokota, nimetia nanga Oran, Tunis, Genoa na Piraeus, na kila bandari kuna mtu anayeniulizia hadi leo, wengine kwa mapenzi na wengine kwa polisi. Katika mchezo wetu wa mikuki nilisimama juu ya ubao nyuma ya mashua, kilo mia na ishirini na mbili, watu elfu kumi wakitazama, na walioniangusha unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono wa seremala. Nakwambia haya usije ukadhani anayekuandikia ni mtu wa hivi hivi.

Sasa shida yenyewe. Mapema mwezi wa saba Aurore atajifungua, na picha ya hospitali inaonyesha msichana. Tangu ana miaka kumi alikuwa akisema binti yake wa kwanza ataitwa Maguelone, jina la mama yake, yaani mke wangu, tuliyemzika majira ya baridi matatu yaliyopita. Wiki jana kaniandikia amebadili mawazo. Mtoto ataitwa Louise. Sababu yake naiandika kama alivyoiandika: "Baba, huku wanasema Maglon. Mtoto atashinda kwa mama mkwe siku tano kwa wiki, mimi niko kazini wodini, Ghislain yuko kiwandani. Siwezi kusikia jina la mama likikatwa mara hamsini kwa siku. Bora lisitajwe kabisa."

Louise simtukani. Jina safi, fupi, kama kijiko. Lakini Maguelone lina vyumba vinne, mkwe: Ma-ge-lo-ne. Nyinyi watu wa kaskazini mnaingia kwa mlango wa mbele na kutokea kwa dirisha la pili. Maglon! Hiyo ni dawa ya kikohozi.

Mtoto atakuwa mikononi mwako, kwa hiyo jina liko kinywani mwako. Ukiweza kulisema zima, binti yangu atampa mtoto. Usipoweza, limekwisha, kwa maana mimi sina mtoto mwingine. Nimeamua kukufundisha mwenyewe. Usiogope. Nimewahi kumfundisha Mgiriki kupika.

Wako,
Fulcrand Castaldo

*

Béthune, 20 Februari 1987

Bwana Castaldo,

Barua yako nimeipata. Nairudisha pamoja na hii, makosa yamepigiwa mstari mwekundu. Ni thelathini na moja. Uniwie radhi: miaka thelathini na minane ya kusahihisha imla, mkono hujiendea wenyewe.

Kuhusu jina. Herufi e ya mwisho haisemwi, na ile ya katikati humezwa. Si mimi niliyeamua. Nimewafundisha hivyo watoto wa mji huu, na wawili kati yao leo ni mahakimu. Kusema kwenu huko kunapendeza, kama uimbaji unavyopendeza. Darasani hatuimbi.

Hayo niliyaandika jana. Leo nimeisoma tena barua yako, na kuna jambo moja limeniuma. Aurore hula mezani kwangu kila Jumapili. Namuuliza majina, anajibu, "Tutaona, Mama." Sikujua kuna jina analoogopa kuliingiza nyumbani mwangu. Imebidi niambiwe na mtu aliye mwisho mwingine wa nchi. Jina la Louise sikuliomba mimi.

Kwa hiyo nitajaribu. Siahidi kitu. Jumapili saa tano asubuhi nitakupigia simu, nitalisema, nawe utahukumu.

Bertille Delattre

*

Sète, 2 Machi 1987

Mkwe,

Makosa thelathini na moja! Nimeibandika ukutani karibu na mkuki wangu. Jirani zangu wamekuja kuiona. Hakuna aliyewahi kunisoma kwa makini kiasi hicho, hata askari wa forodha.

Simu usihangaike nayo. Yangu imeingia chumvi, inakohoa tu. Isitoshe, simu ni ya watu wasio na la kusema. Nitakuhukumu kwa barua, najua njia.

Kwanza nikwambie jina lenyewe ni nani. Baba yake alikuwa na kibanda kwenye ukanda wa mchanga kati ya bahari na ziwa la chumvi, pale penye kanisa la kale la Maguelone. Akapata binti, akatazama dirishani, akaona kanisa, basi. Hakusumbuka. Binti akakua, akachukua meza katika soko la samaki mjini kwetu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina mfuko begani, meli ya Tunis inaondoka saa sita. Napita darajani, nasikia mchukuzi ng'ambo ya mfereji anaita: "Ma-ge-lo-ne! Barafu yako!" Mkwe, miguu ilisimama. Nilikuwa sijamwona. Nikajiambia, mwenye jina hilo akiwa mbaya wa sura nitaoa jina. Nikashuka. Hakuwa mbaya. Meli ya Tunis ilikwenda bila mimi, na nahodha ananidai matusi hadi leo.

Yeye mwenyewe alipojitaja hakuharakisha. Ile "ne" ya mwisho aliiacha mlangoni kidogo, kama mgeni anayeaga na bado ana neno moja.

Somo la pili. Simama wima, miguu imeachana, kama uko juu ya ubao wa mashua. Weka kiganja chini ya kidevu. Sema. Kidevu kishuke mara nne. Kikishuka mara mbili umesema Maglon, rudi mwanzo. Usijisikilize, masikio yako yameharibiwa na shule. Amini mkono.

Kabla ya kuanza, kula. Nimemtuma dereva wa lori la chaza anakuletea tieli tatu, pai zetu za pweza. Mtu hawezi kusema jina la kwetu tumbo likiwa na kabichi.

Fulcrand

*

Béthune, 5 Aprili 1987

Bwana Castaldo,

Pai zimefika. Nilitegemea kutozipenda.

Ripoti yangu ni hii. Nasimama jikoni, kiganja chini ya kidevu, dakika kumi asubuhi na kumi jioni. Mara nyingi kinashuka mara mbili. Jumanne kilishuka mara tatu, nikafurahi kama mjinga. Mke wa mwoka mikate alinikuta nikifanya hivyo kwenye foleni. Aliniuliza kama jino linanisumbua, nikamwambia ndiyo. Sasa mtaa mzima unanishauri karafuu.

Nikwambie na mimi jambo, kwa kuwa unatuona watu wa kutokea dirishani. Nilizaliwa ua wa tatu kutoka mgodini. Upepo ukitoka upande wa vilima vya makaa, mama alituambia tufunge midomo tukiwa nje, na tukisema tuseme haraka. Aliyefungua kinywa alikula vumbi. Baba yangu alikula vumbi miaka ishirini na miwili, likamwua. Basi tumezoea. Na huku tunachokipenda tunakifupisha. Marehemu mume wangu alikuwa Omer. Tangu ndoa hadi jeneza nilimwita Mé. Jina fupi kwetu ni jina lililokaa mfukoni hadi likalainika. Si dharau. Nilitaka ujue.

Nimekupigia simu Jumapili sita. Inaita vizuri, haikohoi hata kidogo. Hakuna anayeipokea.

La mwisho si zuri. Aurore amenunua shuka ndogo za kitanda cha mtoto na uzi wa rangi ya waridi. Anataka kutarizi herufi. Nilimuuliza ipi. Amesema L.

Bertille Delattre

*

Béthune, 10 Mei 1987

Baba mpendwa,

Mbona hupokei simu? Nikimpigia jirani, ananiambia umzima, unakula, unagombana na watu gatini. Kwangu mimi ndiyo huna sauti. Kama umekasirika kwa ajili ya Louise, sema. Kunyamaza si tabia yako, unanitisha.

Mimi mzima, miguu tu imevimba. Mtoto anapiga mateke kama babu yake.

Nikwambie kitu, ila usifanye fujo. Mama mkwe anafuga njiwa wa marehemu mumewe. Jana mezani Ghislain alikuwa anacheka, akasema, "Unajua Mama amempa njiwa jina gani? Maguelone!" Alisema Maglon, bila shaka. Mama mkwe akawa mwekundu, akaenda jikoni. Mimi nikaondoa sahani. Jina la mama, Baba, kwa ndege.

L ya kwanza nimeshaimaliza.

Binti yako,
Aurore

*

Sète, 14 Mei 1987

Bibi Delattre,

Nimesikia umempa njiwa jina la mke wangu.

Mke wangu alisimama sokoni miaka thelathini na minne, mikono ndani ya barafu, hakumpunja hata paka. Siku ya mazishi yake wavuvi wa bandari nzima walizima injini. Nawe umechukua jina hilo, jina nililokupa kwa mkono wangu, ukalibandika juu ya nyama! Kwetu njiwa hupikwa na njegere. Maguelone na njegere!

Kama ulichoka kujifunza ungesema. Nimewahi kupigwa mkuki wa kifua na watu wazito kuliko wewe nikaamka nikacheka, lakini wao walikuwa mbele yangu.

Duru ya salamu imekwisha.

F. Castaldo

*

Béthune, 19 Mei 1987

Bwana Castaldo,

Keti. Kisha usome mpaka mwisho.

Kwenu njiwa ana njegere. Kwetu njiwa ana pete mguuni, na pete ina namba, na namba ndiyo jina lake. Kila Ijumaa ya majira ya joto lori linapita mtaa kwa mtaa, tunapakia vizimba, wanapelekwa kusini, wanafunguliwa alfajiri, wanarudi wenyewe nyumbani. Wachimba makaa waliokaa chini ya ardhi wiki nzima walishinda Jumapili wakitazama juu. Huo ndio mchezo wetu. Hatuna zumari wala ngoma kama kwenye mikuki yenu, tuna shingo zinazouma.

Mume wangu alifuga miaka arobaini. Wamepita mikononi mwake mamia. Aliowapa majina walikuwa wawili. Wawili, Bwana. Njiwa hapewi jina kwa sababu anapendeza. Anapewa yule unayeamini kwamba hata akitupwa mwisho wa nchi, kwenye mvua, na kipanga juu yake, atarudi. Wa kwanza Omer alimwita Bertille. Siku ile nililia kuliko siku ya posa, na mtaa ulinipa pongezi kana kwamba nimeshinda uchaguzi.

Tangu afe sijampa yeyote jina. Mwezi uliopita nimempa jike wa namba 214, mwenye shingo ya kijivu. Ameshatoka Orléans akafika wa kwanza, na Limoges wa kwanza. Jumamosi ya tarehe 20 Juni atafunguliwa Béziers, karibu na mlango wako. Hakuna wa banda hili aliyewahi kutumwa mbali hivyo. Nililitafuta jina linalostahili safari hiyo, nikaona ninalo moja tu.

Pia kuna sababu ya pili, ya kikazi. Njiwa akifika hutua juu ya paa na kujikunakuna, na wewe hapo chini unapoteza dakika. Lazima umwite aingie bandani, umvue pete ya mashindano, uigonge kwenye saa inayoandika wakati. Unasimama uani, unatikisa kopo la mahindi, unaita juu kwa nguvu zako zote. Nilijaribu kumwita Maglon. Sauti inakatika pale pale kwenye karo la kufulia, haifiki hata dirishani. Nikaita kama ulivyoniandikia. Ikapanda.

Kidevu, ikiwa bado una nia ya kujua, kinashuka mara nne.

Ghislain alicheka kwa sababu hajui kitu cha njiwa, utotoni alikimbilia mpira. Aurore sijamweleza. Amenyamaza nami siku kumi sasa, na sijui nianzie wapi. Mimi si mtu wa maelezo ya mezani.

Bertille Delattre

*

Sète, 20 Juni 1987, jioni

Mkwe wangu Bertille,

Mwezi mzima nimetafuta namna ya kuomba radhi inayofanana na mimi. Sikuipata, nikaenda Béziers.

Nilipanda gari moshi la kwanza. Nimelikuta lori lenu la kaskazini uwanjani, vizimba vimepangwa kama nyumba za ghorofa, njiwa elfu tatu. Nikamwambia dereva nataka kumwona namba 214. Akanitazama. Nikamwambia ni mke wangu. Akanitazama zaidi, kisha akanipeleka. Hawa watu wenu wana adabu.

Nilimwona. Ana jicho lake lile lile! La kumtazama mtu anayesema samaki si mbichi. Nikampa maelekezo yote: fuata mto Rhône, Lyon usisimame, wanaume wa pale wanaahidi sana, ukiona vilima vyeusi umefika, tafuta mwanamke mwenye kopo. Dereva akasema kitu, nikaitikia ndiyo, sijui nimekubali nini.

Wakafungua. Mkwe, nimeona bandari zikiwaka moto wakati wa vita na sikuwahi kuona kitu kama kile. Vizimba vyote kwa mara moja. Kifua kilinitetema, fulana ilinitetema, hata meno. Walizunguka mara moja juu ya mizabibu, wakajua upande, wakaondoka. Nimesimama nimeshika kofia mpaka uwanja ukawa mtupu.

Nisamehe kwa ile njegere. Niliandika kama mtu aliyeachwa na meli.

Nakuandikia hii, na yeye bado yuko hewani. Sijui kama amefika. Niambie, hata kama habari ni mbaya.

Fulcrand

*

Béthune, 21 Juni 1987

Baba,

Jana tulikuwa kwa mama mkwe. Nilipanda juu kulala, miguu inaniuma, dirisha la uani likiwa wazi. Kama saa mbili jioni, jua bado lipo, nikasikia mtu anamwita mama.

Baba, sikuwa nimelala. Nakwambia nilisikia mtu anamwita mama. Jina lote, Ma-ge-lo-ne, na "ne" imeachwa mlangoni kama wewe unavyosema. Nikainuka na tumbo langu hili nikaenda dirishani. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya ua, na aproni, kopo mkononi, uso umeelekea juu, mdomo umefunguka mpaka naona meno ya nyuma. Yule mwanamke ambaye hasemi "nipe chumvi" bila kufunika mdomo! Anaita na kuita, na machozi yanamtoka. Njiwa alikuwa juu ya paa, ameloa, bawa moja limelegea. Majirani wanasema katoka Béziers, karibu nawe, Baba. Amesafiri siku nzima.

Akashuka. Mama mkwe akampokea kwa mikono miwili akamweka kifuani ndani ya aproni, na saa ya kugongea pete akaisahau kabisa. Majirani walikuwa wanapiga kelele ukutani, "Pete, Bertille! Gonga pete!" Yeye anamwambia njiwa, "Umefika, Maguelone. Umefika."

Hajui kama nilimwona. Usimwambie.

Nimefumua zile L zote.

Aurore

*

Simu ya maandishi, Béthune, 4 Julai 1987

KAZALIWA LEO SAA TATU ASUBUHI. KILO TATU NA ROBO. MAMA MZIMA. MAGUELONE BERTILLE DELATTRE. KARANI WA MANISPAA KASEMA MAGLON. NIMEMSAHIHISHA MARA TATU. BERTILLE

*

Sète, 30 Agosti 1987

Mkwe wangu,

Mmeondoka juzi na nyumba imekuwa kubwa kama meli iliyoshusha mzigo.

Watu bado wananisimamisha. "Fulcrand, yule mama wa kaskazini mwenye kofia ya buluu ni nani?" Nawaambia ni mwanafunzi wangu. Sikukuu ya Mtakatifu Luis, mashua zimejaa mfereji, mpiga zumari anavimba mashavu, watu wamejaa majukwaani mpaka juu ya mataa, na wewe unashuka ngazi za gati kama malkia anayekagua choo. Aurore akaniwekea mtoto mikononi. Mzito! Ana mabega! Huyu atasimama kwenye ubao, hata kama hawaruhusu wanawake, watamruhusu. Nawe ukaja ukasimama mbele yangu, karibu, ukavua kofia, ukanitazama, ukalisema jina lake. Wauza samaki wote waliogeuka niliwaona. Yule mzee aliyefanya kazi meza ya jirani na mke wangu alijifuta uso kwa kitambaa cha samaki. Nikakwambia mbele ya watu wote, "Ni kama yeye mwenyewe." Ukalia, nikalia, mtoto akalia, ikawa sherehe.

Sasa nina kitu cha kusema, na ni afadhali uwe mbali.

Sikusikia.

Sisikii, Bertille. Sikio la kulia lilikwenda na injini, ni zamani. La kushoto lilifuata baada ya mazishi, kidogo kidogo, na mwaka juzi msimu wa zabibu lilifunga duka. Daktari ameandika karatasi, iko chini ya godoro. Simu haina chumvi. Nikiweka kiganja juu yake najua inaita, basi. Nimeweka kiganja Jumapili nyingi saa tano, najua ni wewe, na sina la kufanya. Aurore hajui. Ningemwambiaje? Baba yake ndiye mwenye mdomo mkubwa bandarini, na mtu wa mdomo mkubwa asiyesikia anajibiwa kwa huruma. Huruma mimi sijawahi kuivaa, hainitoshi.

Kwa hiyo ulikuwa na hakimu asiye na masikio. Nilikutesa jikoni kwako miezi mitano kwa jina ambalo nilijua sitalisikia. Nilitaka tu liwepo. Nilitaka asubuhi fulani, mahali fulani, mtu alifungue dirisha na kuliita lote, na mtu mwingine apite darajani na mfuko begani. Si lazima niwe mimi.

Na kwa kuwa nimeanza kukiri: mikuki. Fainali nilifika mara moja tu, mwaka 1956. Nilianguka pigo la kwanza. Lakini nilianguka vizuri, kila mtu aliloa.

Unaweza kukasirika. Ila sikudanganya niliposema ni kama yeye. Nilitazama kidevu. Kilishuka mara nne, na ile ya nne hukuifunga, uliiacha. Alikuwa akifanya hivyo hivyo. Nililiona jina lake, Bertille. Mtu gani mwingine Ufaransa hii anaweza kusema hivyo?

Fulcrand

*

Béthune, 6 Septemba 1987

Fulcrand,

Nilijua tangu Machi.

Kila mwaka darasani mwangu kulikuwa na mmoja. Hukaa nyuma, ndiye mwenye kelele kuliko wote, ndiye anayechekesha wenzake, na macho yake hayatoki kwenye midomo ya mwalimu. Walimu wapya humwita mtukutu. Mimi nilimhamishia dawati la mbele na sikusema kitu mbele ya wenzake. Mtu mwenye masikio angenieleza jina linavyosikika. Wewe ulinifundisha kidevu. Niliisoma barua ile, nikaipigia mistari myekundu, na nilipomaliza nikajua. Niliendelea kupiga simu ingawa ulisema unahukumu kwa barua, kwa kuwa nilitaka ujue kuna mtu anaita.

Unadhani kofia niliivua kwa sababu ya joto? Ukingo wake ulinitia kivuli mdomoni. Nilisimama upande wa jua makusudi. Sijawahi kufungua kinywa namna ile mbele za watu tangu daktari wa meno, na lile vumbi la makaa, nilidhani lingetoka lote palepale gatini kwenu. Sikulisema ili ulisikie. Nililisema ili ulione.

Aurore utamwambia wewe, kwa barua, wiki hii. Usipomwambia nitamwambia mimi, na nitamwambia na ya mwaka 1956.

Njiwa bawa limepona. Hatasafiri tena, imetosha. Asubuhi nakaa nao wawili uani. Nikiita, mmoja anageuka juu ya paa na mmoja anageuka kwenye kitanda chake. Mdogo ameanza kunitazama mdomo na kufungua wa kwake, hana meno, anajaribu. Nimempanga dawati la mbele. Atakapokuja kwako kiangazi kijacho atajitaja mwenyewe, polepole, uso umekuelekea, na hutahitaji kusikia.

Mkwe wako,
Bertille

Makosa kumi na tisa. Unaendelea vizuri.